Salamu za Papa Gati

Mwone kwanza anavyofika. Ni saa tatu kasorobo asubuhi, katikati ya jiji la Durban. Taksi inasimama mbele kidogo ya robot, yaani taa za barabarani, na mwanamke wa miaka arobaini na saba anashuka akitanguliza mfuko. Mkono mmoja ana chupa ya chai ya maziwa. Mkono wa pili ana huo mfuko wa plastiki, na ndani yake mna kofia ya ukingo mpana, ya wale wachunga ng'ombe wa ng'ambo. Haivai barabarani. Ukimuuliza atakwambia kofia ni ya kazini, kwani umewahi kuona daktari akichagua nyanya na koti lake jeupe? Anapita kwa wauza chaja na soksi, anasalimiwa kwa Kizulu na kujibu kwa Kizulu, anasalimiwa kwa Kiswahili cha Kongo na kujibu kwa Kiswahili cha Meru, halafu anaingia saluni. Ngazi ya kwenda kazini kwake iko nyuma ya masinki ya kuoshea nywele.

Jina lake ni Nkatha, na ni meneja wa Redio Hatamu, redio ya muziki wa kantri isiyo na mnara wala gari lenye nembo. Inasikika kwenye simu tu. Studio ni chumba kimoja juu ya saluni ya Marie-Louise, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka.

"Dada Nkatha," Marie-Louise humwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa anachosuka, "leo utupigie kitu ya kuchangamuka. Jana ile miziki yako ya ng'ombe ilinilalishia mteja. Nilimaliza kusuka, yeye iko anakoroma."

"Si alipumzika? Mtoze na ya kulala."

"Vraiment, kweli weye ni mubaya."

Hivyo ndivyo wanavyoamkiana. Lakini ikifika saa tano, Marie-Louise huzima mashine zote za kukaushia nywele bila kuambiwa, na wateja hukaa na vichwa vilivyolowa hadi saa sita, maana hiyo ni saa ya salamu na mashine zile huvuma hadi hewani.

Kantri Nkatha hakuijulia Durban. Baba yake alikuwa karani wa kituo cha kupokea maziwa huko Nkubu, Meru, nchini Kenya, na mezani, kando ya mizani, palikuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumapili mchana zilikuwa zikipigwa nyimbo za watu wa mbali mno, wakiimbia mvua, mama zao, na shamba lililouzwa. Baba alikuwa na Kiingereza cha kujazia fomu tu. Lakini alikuwa akisimama na ndoo mkononi mpaka wimbo uishe, kisha anasema, "Huyu naye ana shida kama zetu." Binti akabeba sentensi hiyo mpaka chuoni Durban, mpaka kwenye chumba cha kupanga Glenwood, ambako aliwapigia nyimbo Wakenya wenzake sita kupitia kompyuta iliyopasuka kioo. Mhadhiri mmoja, Nigel, akajitolea kulipia mtandao. Masomo yakaisha, wale sita wakarudi kwao. Nkatha akabaki na redio.

Leo wasikilizaji wake ni madereva wa malori waliopanga foleni kuingia bandarini, walinzi wa mageti, wanawake wanaotunza wazee majumbani, na Wakongo wengi ambao mwanzoni walicheka gitaa lile linalolia kama mtu, kisha wakasahau kuondoka. Nkatha anawajua kwa sauti. Sura za wengi hajawahi kuziona. Kama ilivyo kwa watu wa salamu wa Afrika Mashariki yote, kila mmoja amejipa jina la hewani: Mama Reki, Askari wa Geti la Tatu, Mwana wa Kontena. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, wanarekodi salamu kwenye simu na kumtumia, naye anazirusha saa tano, moja baada ya nyingine, na wimbo katikati.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kukopesha sauti, na ni lazima niieleze, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo.

Dereva mmoja, Josias, mtu wa Uvira, alikuwa akimsalimia mama yake kila siku. Mama yuko kule kwao, mzee, moyo wake si mzuri, na kila saa tano mjukuu humwekea simu sikioni. Siku moja Josias aliishiwa na data njiani na salamu hazikufika. Mama akalia, akakataa kula, akapigisha simu kwa kila jamaa aliyeko Afrika Kusini. Kesho yake Nkatha akamwambia Josias, "Kaka, siku ukikwama, nitakukopesha sauti yako ya jana. Mama asikie tu." Watu wakaipenda. Ikawa kawaida: ukiishiwa na data, Nkatha anarusha salamu zako za mwisho, na huko kwenu hakuna anayeshtuka. Hakuna aliyeona ubaya. Ungeuona wewe?

Sasa, kati ya sauti zote, iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Papa Gati.

Jina lake hasa ni Barthélemy. Zamani alikuwa akifunga makontena melini, na mgongo ulipokataa akapewa kulinda geti la yadi moja kando ya bandari. Salamu zake hazikubadilika kwa miaka minne. "Miye Papa Gati. Niko muzima. Nasalimia Laurette wangu, kule iko. Ufunguo iko pale pale." Basi. Hakuomba wimbo, alisema zote ni zake.

Wasikilizaji walijua habari hiyo nusunusu, Nkatha aliijua yote, kwa sababu mzee alimsimulia mara moja kwa simu. Laurette ni binti yake wa pekee. Alimlea mwenyewe baada ya mama yake kufariki, katika chumba cha uani huko Glenwood, na Jumamosi walikuwa wakikaa getini wakigawana waya za masikioni, sikio la kushoto la baba, la kulia la mtoto, wakisikiliza Hatamu. Binti alipofika miaka ishirini na mbili akapenda mwanamume ambaye hakuja kujionyesha kwa wazee. Barthélemy akasema, "Ukitoka na huyo, hapa usirudi." Laurette akatoka. Mzee alisema alijuta kabla binti hajafika barabarani, lakini miguu haikumfuata. Namba ya simu ikabadilishwa. Kwa hiyo kila asubuhi alilifuta lile neno kwa njia pekee aliyoijua, na ufunguo wa chumba akauacha chini ya kopo la rangi, palepale ulipokaa Laurette alipokuwa akitoka shule.

Kama Laurette alikuwa akisikiliza, hakuna aliyejua.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Jumatatu moja ya baridi, salamu za Papa Gati hazikuja. Nkatha akatazama simu mpaka saa tano kasoro dakika moja. Data, akasema moyoni, mwisho wa mwezi huu kila mtu hana data. Akarusha za Jumamosi. "Niko muzima," ikasema ile sauti nene, na Askari wa Geti la Tatu akatuma ujumbe wa kucheka kwamba Papa leo ameamka na nguvu. Jumanne vilevile. Jumatano Nkatha akampigia, simu ikaita bila kupokelewa. Akasema atampigia jioni, jioni umeme ukakatika, akasahau. Akarusha za Jumamosi. Alhamisi akarusha tena.

Alhamisi hiyo wimbo wa kufungia ulikuwa haujaisha akasikia miguu mizito kwenye ngazi. Josias akaingia bila kubisha. Alikuwa bado na ile jaketi ya njano wanayovaa bandarini.

"Dada Nkatha, Papa Gati umemutoa wapi leo?"

"Kaka, si umsalimie mtu kwanza."

"Nitakusalimia. Umemutoa wapi?"

"Ni za Jumamosi. Nimemkopesha. Kwani vipi?"

Josias akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. "Jumapili asubuhi nilipita kwake twende kanisa. Nikamukuta chini. Upande moja ya mwili haiko inasikia, mudomo imeenda huku. Nikamupeleka hospitali. Jumatatu nikapewa mzigo ya Johannesburg, simu haina data, nimerudi leo. Niko kwa foleni ya bandari, nafungua redio, namusikia Papa anasema iko muzima. Eish, dada. Nilifikiri amefufuka. Lori nimeachia mwenzangu."

Nkatha akavua kofia akaiweka mezani.

"Anaongea?"

"Hata moja."

Kisha Nkatha akasema taratibu, kama anayesoma maandishi madogo, "Kama yule binti anasikiliza, siku nne nimemwambia baba yake ni mzima."

Saa tisa, saa ya kutazama wagonjwa, alikuwa kando ya kitanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona Papa Gati. Alimdhania mtu mkubwa. Sauti ilikuwa kubwa, mtu mwenyewe mdogo, shingo nyembamba, mkono wa kulia umelala kama si wake. Lakini alipofungua mdomo na kusema "Mzee, ni mimi wa Hatamu," macho yakamjua mara moja.

Akamweleza alichofanya, hakujificha. Akatoa simu, akamsikilizisha zile salamu. Niko muzima. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akainua mkono wa kushoto, polepole, akauweka juu ya simu, kiganja kizima, kama mtu anavyomziba mtoto mdomo asiseme mbele ya wageni.

"Niache kuirusha?"

Akafumba macho, akafumbua.

"Sawa, mzee. Nimeacha. Na Laurette nimwambie kwamba unaumwa?"

Hapo Papa Gati akageuza uso dirishani, na huko dirishani akabaki mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Jioni hiyo Nkatha alikaa saluni Marie-Louise akifagia nywele.

"Mugonjwa hatangazwi, dada," Marie-Louise alisema. "Kwetu mutu anaumwa, jamaa inaenda polepole, inaambia jamaa. Utatoa mzee kwa redio na mudomo yake imepinda? Na yeye ni mutu ya heshima?"

"Jamaa yake ni nani, dada? Ni huyo mmoja, na sijui aliko."

"Na kama hasikii redio? Utakuwa umemuabisha bure."

"Na kama anaisikia?"

Marie-Louise akaegemea fagio. "Basi shida ni yako. Miye nitazima mashine mapema kesho, ndiyo musaada niko nayo."

Ijumaa saa tano Nkatha akavaa kofia, akaivua, akasema bila kofia.

"Saa ya salamu leo naanza na kuomba radhi. Papa Gati mliyemsikia tangu Jumatatu alikuwa wa Jumamosi. Nilimkopesha sauti bila kujua. Papa Gati anaumwa. Yu hai, anatibiwa, kusema bado. Laurette, salamu zako leo nazileta mimi. Ile sehemu ya kwanza siwezi kuisema, kwa sababu si kweli. Hii ya pili ni kweli: ufunguo uko pale pale."

Kisha akafanya jambo ambalo meneja yeyote mwingine asingelifikiria. Aliweka wimbo wa kasi, fidla na banjo, wa watu wanaocheza ghalani. Alijua Wakenya wake waliokulia na redio za kijijini: habari ya mgonjwa ikifuatwa na gitaa la kulia, watu wanaanza kutafuta turubai la matanga. Hata hivyo, wimbo haujafika katikati, Marie-Louise akapaza sauti kutoka chini kwamba Mama Reki yuko kwenye simu, anauliza viti vya matanga vipelekwe wapi.

"Mwambie hajafa," Nkatha akajibu. "Mwambie nimeweka banjo."

Siku nzima simu ziliingia. Za kuombea, za kulaumu, moja ya mganga wa Pinetown. Ya Laurette haikuwemo.

Jumamosi saluni ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni akasimama kizingitini.

"Karibu, dada," Marie-Louise akamwambia. "Kusuka ao kuosha?"

"Sisuki. Natafuta ile redio ya ng'ombe."

Marie-Louise akamtazama. Alinisimulia baadaye kwamba hakuhitaji kuuliza jina, paji la uso lilikuwa la mtu anayetaka kugombana na anayetaka kulia kwa wakati mmoja. Akamwonyesha ngazi, akawaambia wateja wenye haraka waende kwingine, akazima mashine, ingawa haikuwa bado saa tano.

Juu, Laurette hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Niko Pietermaritzburg," alisema. "Saa moja na taksi. Miaka minne."

"Ulikuwa unasikiliza."

"Kila siku. Nilikuwa nikisikia 'niko muzima' naendelea na kazi yangu. Sikuwa na haja ya kupiga simu, dada. Ulikuwa unanipigia weye." Akamtelemsha mtoto. "Huyu ni Peguy. Jumatano alitimiza mwaka. Nilikuwa nimefunga mizigo, nije nimuonyeshe babu yake. Nikasema wacha nisikie salamu kwanza ndiyo nitoke. Nikamusikia. Sauti iko na nguvu, ile ya kugomba. Nikaogopa. Nikasema, huyu bado ni mukali, nitakuja mwezi kesho. Nikafungua mizigo."

Nkatha hakujitetea. Alisema, "Kama asingesikika?"

"Ningekuja mbio Jumatatu."

Peguy alikuwa ameishika ile kofia kwa ukingo, anaitafuna. Wanawake wote wawili walimwona na hakuna aliyemnyang'anya.

"Nilidhani nawapunguzia watu hofu," Nkatha akasema mwishowe.

"Ulinipunguzia." Laurette akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja, wenye madoa ya rangi ya kijani. "Nimepitia kule kwanza. Iko pale pale kweli."

Wakaenda pamoja saa tisa. Nkatha alibaki mlangoni mwa wodi. Alichokiona alikiona kwa mbali. Laurette alimweka mtoto kitandani, akatoa waya za masikioni, akaweka moja katika sikio la kushoto la baba yake, nyingine katika lake la kulia, na akabonyeza simu. Barthélemy akajaribu kusema. Kilichotoka hakikuwa neno, kilikuwa mlio tu, mrefu, wa kutoka kifuani. Mtoto pale kitandani akageuka, akamtazama, akamjibu kwa mlio kama huo huo. Mzee akarudia. Mtoto akarudia. Waliendelea hivyo kwa muda, wawili wasiojua maneno, mpaka Laurette akafunika uso kwa kitenge akicheka au akilia, na Nkatha akashuka kwenda kusubiri nje.

Barthélemy sasa yuko nyumbani, katika chumba kile cha uani, na binti na mjukuu. Anatembea hadi geti la nyumba na kurudi. Salamu zake zilirudi mwezi wa tisa, na anazirekodi mwenyewe, kwa taabu, huku Laurette akikatazwa kumsaidia: "Miye... Papa Gati. Niko muzima... kidogo." Hilo neno la mwisho halisahau kamwe. Siku akiamka vibaya hulitanguliza.

Na Nkatha akabandika karatasi ukutani, juu ya trei za mayai: SAUTI YA JANA HAIRUSHWI LEO. Asiyetuma salamu anatajwa jina tu, kwamba leo bado hatujamsikia. Wasikilizaji walinung'unika. Wengine walisema amekuwa mgumu, na kwamba Hatamu si kituo cha polisi cha kutangaza waliopotea. Alivumilia. Ni mtu wa kuvumilia. Ukisikiliza kantri miaka arobaini unazoea wimbo usiomalizika vizuri.

Wiki iliyopita nilipanda zile ngazi kumtazama akifanya kazi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu. Chini mashine zilikuwa zimenyamaza. Salamu zote zilikuwa zimepangwa isipokuwa za Josias, ambaye alitoka na mzigo jana yake usiku, na kule milimani anakopita kulikuwa na ukungu. Simu yake haikupatikana. Halafu ukaingia ujumbe kutoka Uvira, wa yule mjukuu, juu ya bibi yake: "Tantine, Koko amekaa tayari. Leo presha imepanda, daktari anasema asishtuke. Utatuwekea Josias?"

Sauti ya jana yake ilikuwa pale, kwenye kompyuta, safi, Josias akicheka na kumwambia mama yake ale vizuri. Nkatha aliitazama. Akaitazama karatasi ukutani. Akavaa kofia, akasogeza maikrofoni, na kidole kikasimama juu ya kitufe.

Wewe, kidole hicho kingekuwa chako, ungemsikilizisha nini yule mama?